Miezi 14 baada ya kukatwa tumbo: programu inasema kalori 2,070, karatasi inasema 1,000. Nifuate ipi?

KijikoKidogo (mwanzisha mada)

Habari za muda huu wadau. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, siku zote napita tu, ila leo nimeona bora niulize mwenyewe maana nimechoka kugombana na simu.

Nina miaka 41, urefu wangu sentimita 165. Miezi 14 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa kukata sehemu kubwa na kuliacha jembamba kama mrija, siyo baipasi (ule wa kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo na utumbo). Siku naingia chumba cha upasuaji nilikuwa na kilo 128. Leo asubuhi mizani imesoma 84. Kilo 44 zimekwenda, na kwa hilo sina la kulalamika. Waulizeni magoti yangu.

Shida ni kwamba wiki ya 6 hii uzito umegoma. Leo 84.3, kesho 83.8, keshokutwa 84.1, halafu tunarudi 84.3 kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwanzoni sikuwa na haja ya kuhesabu chochote. Wiki zile za vimiminika nilikuwa napima mililita, kikombe kidogo cha supu kinanimaliza nusu saa na bado nabakiza. Njaa nilikuwa siijui. Sasa tumbo linapokea, njaa nayo imerudi (haijarudi yote, lakini saa 10 jioni lazima ibishe hodi), na nakula chakula kilekile wanachokula wenzangu nyumbani, ila kwa kisahani. Ndipo nikaanza kujiuliza: hivi mtu kama mimi anatakiwa ale kalori ngapi kwa siku?

Majibu ninayo matatu na hakuna mawili yanayoelewana. Karatasi niliyopewa siku natoka hospitali inasema kalori 800 hadi 1,000. Haisemi mpaka lini. Programu ya simu nimeijaza umri, urefu, uzito, nikachagua "shughuli kidogo", ikaniambia natumia 2,070 kwa siku. Na mwenzangu tuliyelazwa naye wodi moja anakula 1,400 na bado anapungua, tena ananitumia picha za sahani yake bila kuombwa.

Mimi kwa hesabu zangu nakula kama 1,100. Sasa nisaidieni: kama programu iko sahihi, kila siku napungukiwa karibu kalori 970. Kwa wiki hiyo ni karibu kilo nzima ya mafuta. Iko wapi? Ama programu inadanganya, ama mimi nadanganya, ama mwili umejifunza ubahili.

Siombi ratiba ya chakula, na tafadhali msinitajie maji ya limao. Nataka kujua namba yangu naipataje.

Nusu_Sahani

Kalori za nini dada? Mimi sijawahi kuhesabu hata moja. Protini inaanza, mboga zinafuata, ukishiba unaacha. Nimeshusha kilo 50. Mkianza mambo ya hesabu mnajitafutia presha bure.

KijikoKidogo

Hongera sana. Una miezi mingapi tangu upasuaji?

Nusu_Sahani

Minane.

KijikoKidogo

Basi kaka yangu tuonane mwakani mwezi kama huu.

Kimizani

Dada KijikoKidogo, umeuliza vizuri na umeweka namba, kwa hiyo nitajibu kwa namba. Mimi nina miaka 3 tangu nikatwe, upasuaji kama wako, na nililiona hilo gomo la uzito mwezi wa 11.

Programu haikudanganyi. Inajibu swali ambalo hujaliuliza. Nyingi ya programu hizo zinatumia kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke iko hivi: uzito wa kilo mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Kwa mwanamume kila kitu ni hivyohivyo, ila mwishoni badala ya kutoa 161 unajumlisha 5. Weka zako: 840 jumlisha 1,031 toa 205 toa 161, unapata 1,505. Hizo ndizo nishati ambazo mwanamke wa wastani mwenye umri wako, urefu wako na uzito wako angetumia akiwa amelala tu, moyo unadunda, mapafu yanapumua, ini linafanya kazi zake.

Kisha programu inazidisha kwa namba ya shughuli. Anayekaa tu ni 1.2. "Shughuli kidogo" ni 1.375. Wewe uligusa ya pili, ndiyo maana ukapata 2,070. Ungegusa ya kwanza ungepata 1,806. Umeona? Kalori 264 zimeingia kwa kidole kimoja, kabla hata hujainuka kwenye kiti. Na karibu kila mtu hujiona ana shughuli, kwa sababu jioni anakuwa amechoka. Kuchoka siyo shughuli.

Halafu kuna hilo la "wa wastani". Kanuni haijui kwamba mwaka juzi ulikuwa na kilo 128. Mtu aliyeshuka mpaka 84 na mtu aliyekuwa 84 siku zote hawatumii nishati sawa. Sehemu ya kilo ulizopoteza ni misuli, hata ungekula protini vipi, na misuli hutumia nishati hata ukiwa umepumzika. Juu ya hapo mwili wenyewe hubana matumizi kuliko uzito unavyoeleza. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya watu 14 waliopungua sana kwenye shindano la televisheni huko Marekani. Miaka 6 baadaye miili yao ilikuwa ikitumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hao walipungua kwa chakula na mazoezi makali, si kwa kisu, kwa hiyo hiyo 500 usiibebe kama yako. Ila neno lako la ubahili uko nalo sahihi.

Sasa namba yako unaipataje? Acha kuiuliza simu, uulize mwili. Siku 28. Kila siku andika ulichokula, chote, kwa kupima. Kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla hujanywa kitu, panda mizani na uandike. Usiangalie namba ya siku moja, haina maana yoyote; tafuta wastani wa wiki. Mwisho chukua wastani wa wiki ya 1, toa wastani wa wiki ya 4. Kati ya katikati ya wiki hizo mbili kuna siku 21. Kilo ulizopungua zidisha kwa 7,700, maana kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700, gawanya kwa 21. Jibu lijumlishe na wastani wa ulichokula kwa siku. Hicho ndicho kiasi kinachokuweka ulipo. Kama uliongezeka, unatoa badala ya kujumlisha.

Yangu ilitoka 1,580 wakati kanuni ilinipa 1,790. Sijaifuta kanuni, naitumia kama makadirio ya fundi kabla hajapima ukuta.

MzeeWaBaipasi

Kimizani amemaliza upande wa matumizi. Mimi niongelee upande wa mapato maana ndiko nilikoumbuka.

Binti yangu, nina mwaka wa 5 na baipasi. Mwaka wa 3 nikaanza kurudi, kilo 9 zikanirudia polepole, na daftari langu lilikuwa linasema nakula 1,200. Mke wangu ndiye aliyenifumania. Siku hiyo nakaanga mayai 2, nikaandika "mayai 2, kalori 140". Akasimama nyuma yangu, akauliza, na mafuta? Nikasema ni kidogo tu. Akachukua kijiko cha chakula, akaniambia mimina tena vilevile ulivyomimina, safari hii ndani ya kijiko. Kijiko kikajaa, kikamwagikia sufuriani, nikajaza tena kikafika nusu. Kijiko kimoja cha mafuta ni gramu 14 hivi, kalori 120. Kwa hiyo mayai yangu ya 140 yalikuwa zaidi ya 300, na hilo nilikuwa nalifanya kila asubuhi kwa miezi.

Sisi tuliokatwa tumbo tunapenda kusema "mimi nakula kidogo". Ni kweli, kwa ujazo. Lakini mafuta hayajali ujazo: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini au wanga ina 4. Konzi moja ya karanga, gramu 30, ni kama kalori 170 na tumbo halijui kama kuna kitu kimeingia. Na kuna vile ninavyoviita vinavyoteleza: biskuti unayochovya kwenye chai, aiskrimu, juisi. Kipande cha kuku kikavu kitakusimamisha baada ya matonge manne. Biskuti haikusimamishi, inalowa na kushuka, nusu saa baadaye una nafasi nyingine.

Jambo moja kuhusu kulinganisha. Watu hudhani sisi wa baipasi chakula kinapita tu bila kufyonzwa. Baadhi ya mafuta yanapita, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kupungua kwetu inatoka kwenye kula kidogo, kama ninyi. Kwa hiyo msidhani kwamba tuna leseni ya kula ovyo. Mimi sukari ikizidi kidogo tu, ndani ya dakika 20 jasho, moyo mbio, tumbo linasokota, natafuta pa kulala. Hiyo ndiyo leseni yetu.

SupuTupu

KijikoKidogo usijichoshe. Uzito ukigoma rudi kwenye vimiminika siku 5, kalori 500 au 600. Tumbo linasinyaa upya na mwili unaamka. Mimi nilishusha kilo 3 ndani ya siku 5.

Muuguzi_wa_Zamu

Naomba niingilie hapa, samahani SupuTupu, sikuvunjii heshima.

Kilo 3 kwa siku 5 si mafuta. Fanya hesabu ileile ya Kimizani: kilo 3 za mafuta ni kalori zaidi ya 23,000, na hakuna anayetumia kalori 4,600 kwa siku amekaa nyumbani anakunywa supu. Ulichopoteza kwa sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama 3 za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba inatumika na maji yanatoka. Ukila, vinarudi vyote. Wala tumbo halisinyai kwa kunywa supu. Nafasi uliyo nayo mwezi wa 14 ni ya kawaida; ndivyo mrija huo unavyokuwa ukishapona na uvimbe ukaisha.

Kinachonitisha zaidi ni mtu kushuka mpaka 600 wakati hana mtu anayemfuatilia. Wodini nimepokea wanaokuja na kizunguzungu, nywele zinatoka kwa mafungu, mikono inakufa ganzi, na ukimwuliza anakwambia "nilikuwa najitahidi". Ganzi na kuyumba wakati wa kutembea, hasa ukiwa umetapika kwa siku kadhaa, si jambo la kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Thiamini (vitamini B1) ikiisha mwilini huharibu mishipa ya fahamu, na akiba yake ni ya wiki chache tu. Nenda siku hiyohiyo.

Dada, kabla hujapunguza hata kalori moja, angalia mambo haya. Protini unapata gramu ngapi? Kiwango cha chini tunachowaambia watu ni gramu 60 kwa siku, na wengi wanahitaji zaidi ya hapo kulingana na mwili. Gramu 60 ni kalori 240 tu, haziwezi kukuharibia hesabu. Maji lita 1.5 au zaidi, lakini si pamoja na chakula. Ukimaliza kula ngoja nusu saa. Vidonge vya vitamini na madini bado unameza? Mwezi wa 14 ndipo watu wanapoanza kuviacha kwa sababu wanajisikia wazima. B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, hivyo ni vya maisha. Na kalsiamu usimeze wakati mmoja na chuma, vinagombana. Viachanishe saa 2 angalau.

Na pima damu. Kuna uzito unaogoma kwa sababu ya tezi ya shingo au dawa unazotumia, na hapo utahesabu mpaka uchoke.

Wiki5

Samahani kuingilia mada ya dada. Mimi nina wiki 5 tu. Nimejaza programu imenipa 2,300, jana nimejilazimisha kula mpaka nikatapika. Na mimi nifanye hiyo ya siku 28?

Muuguzi_wa_Zamu

Hapana mdogo wangu, na usijilazimishe tena. Wewe hesabu hiyo haikuhusu kwa sasa. Wiki ya 5 tumbo bado linapona, kiasi unachoweza kula ndicho kinachoamua, na kalori zitaangukia popote zitakapoangukia, kwa wengi ni mia kadhaa tu. Kazi yako ni mbili: protini na maji. Futa hiyo programu mpaka timu yako ikwambie umeingia chakula kamili. Kutapika kukiendelea, wapigie simu leo, usimalize wiki.

Kimizani

Naongezea: mtu wa wiki 5 anapungua haraka mno na maji yanaingia na kutoka, kwa hiyo hata akifuata hesabu yangu atapata namba ya kuchekesha. Ile ni ya mtu ambaye uzito wake umetulia au unashuka taratibu.

KijikoKidogo

Asanteni sana wote. Mzee wangu, hilo la kijiko limenichoma maana mimi mafuta namimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, sijawahi hata kuyafikiria. Da Muuguzi, vidonge vya kalsiamu kweli nilikuwa nimeacha. Nimevirudisha leo.

Nimetafuta mizani ndogo ya jikoni. Naanza Jumatatu. Nitarudi na majibu, yakiwa ya aibu pia nitarudi.

KijikoKidogo (wiki 4 baadaye)

Nimerudi. Ni ya aibu.

Wiki ya 1 nilijiambia nisibadilishe kitu, nile kama kawaida, ila nipime. Siku ya kwanza jioni najumlisha, naona 1,490. Nikadhani nimekosea, nikajumlisha upya, ikaja 1,510 kwa sababu nilikuwa nimesahau maziwa ya kikombe kimoja cha chai. Wastani wa wiki nzima ukawa 1,540. Na mimi nilikuja humu kifua mbele nasema nakula 1,100!

Zile 440 zilikokuwa zinajificha ni hapa. Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja na nusu kwa siku kwa fungu langu, hiyo peke yake 180. Maziwa ya chai: nakunywa vikombe 5, kila kimoja natia kidogo, nikayapima, hicho kidogo kidogo kikawa mililita 250 kwa siku, karibu kalori 150. Karanga za saa 10 jioni, nilikuwa naandika "chache". Chache ni gramu 22. Halafu kuna kitu ambacho sikukitegemea kabisa: mabaki ya mwanangu. Namaliza kisahani changu, nafuta meza, kuna kipande cha mkate chenye siagi, kuna vijiko viwili vya chakula alivyovibakiza, nasema tusitupe, naweka mdomoni nikiwa nimesimama. Kwenye kichwa changu chakula cha kusimama hakihesabiki. Siku moja nilikiweka kwenye mizani kwanza badala ya mdomoni. Gramu 61. Nikakaa chini.

Protini ilikuwa gramu 52. Kumbe pungufu ilikuwa pale, na mimi nilikuwa natafuta cha kukata!

Sasa namba. Wiki ya 1 nilikula wastani wa 1,540, ya 2 ni 1,390, ya 3 ni 1,310, ya 4 ni 1,300. Sikuwa nimepanga kupunguza, ila ukijua kila kitu lazima kiandikwe mkono unakuwa mzito wenyewe. Wastani wa wiki zote 4 ni 1,385.

Uzito kwa wastani wa wiki: 84.1, kisha 84.2, kisha 83.7, kisha 83.4. Ile wiki ya 2 ilinikatisha tamaa, chakula kimepungua na uzito umepanda. Ilikuwa wiki ya hedhi, mwili ulikuwa umeshika maji tu. Kama ningekuwa naangalia siku mojamoja ningeacha pale.

Kwa hiyo 84.1 toa 83.4 ni 0.7. Mara 7,700 ni 5,390. Gawanya kwa 21 napata 257. Jumlisha 1,385. Namba yangu ni 1,642.

Siyo 2,070 na siyo 1,000. Wala mwili haukuwa na muujiza wowote. Nadhani zile wiki 6 za kugoma nilikuwa nakula palepale kwenye 1,640 huku daftari linasoma 1,100.

Kimizani

Safi sana dada. Ile kanuni kwa mtu anayekaa tu ilikupa 1,806, mwili wako unasema 1,642, tofauti 164. Huo ubahili upo lakini ni wa kuvumilika. Ila usiishike hiyo namba kama kiapo. Siku 28 ni chache, makosa ya kupima yapo, maji yapo. Isome kama "kati ya 1,550 na 1,730" na utalala vizuri. Ukishuka kilo 5 nyingine rudia. Kwa kanuni kilo 5 ni kama kalori 60 pungufu kwa siku. Ni kidogo, lakini kwa mtu wa 1,600 zinaonekana.

Sasa umepanga kula ngapi?

KijikoKidogo

1,400, na protini 75. Nimeongea na mtaalamu wa lishe juzi, nikampelekea daftari zima. Hakunisema. Alichofanya ni kuhamisha vitu: karanga za jioni zimekuwa mtindi mzito na yai, mafuta yameshuka mpaka kijiko cha chai kinachopimwa, kalori zikabaki karibu zilezile na protini ikapanda. Kwa 1,400 anasema nitarajie kama kilo moja kwa mwezi, isizidi sana. Mwaka jana ningeiona hiyo kama dharau. Na akanitaka nianze kunyanyua vitu vizito mara 2 kwa wiki kwa ajili ya misuli, nimeanza na chupa za maji, msinicheke.

Nilimwonyesha na ile karatasi ya 800 hadi 1,000. Kumbe ilikuwa ya miezi ya kwanza tu, ilitakiwa nipewe nyingine baadaye na hiyo nyingine haikuja. Akachukua kalamu akaandika juu yake mwisho wa matumizi, kama ya dawa.

Damu nimepima. Chuma kiko chini kidogo, vingine viko sawa.

MzeeWaBaipasi

Na mabaki ya mtoto?

KijikoKidogo

Mzee wangu, mabaki sasa anakula baba yake. Yeye hajakatwa tumbo.

Nusu_Sahani

Wadau nimepita tu. Hiyo mizani ya jikoni inaanzia gramu ngapi? Naulizia rafiki yangu, uzito wake umegoma wiki ya 3 hii.